Je, Wajua? Wajapani Nao Wana Hapa, Hapo na Pale

Je, wajua kwamba kuna sehemu ya sarufi ya Kijapani inayowatatiza wazungumzaji wa Kiingereza, ilhali Mswahili anaijua tangu utotoni? Kiingereza cha leo hugawa umbali mara mbili tu: karibu na mbali. Kijapani hugawa mara tatu. Koko ni hapa nilipo, soko ni hapo ulipo, asoko ni pale, mbali nasi sote wawili. Vitu navyo ni vivyo hivyo: kore, sore, are, yaani hiki, hicho, kile. Ongeza do ya kuulizia, upate doko (wapi) na dore (kipi). Wajapani huuita mpango huu ko-so-a-do, na anayezishika silabi hizo nne hupata maneno zaidi ya ishirini kwa mkupuo mmoja.

Je, wajua kwamba mita hazihusiki sana? Mwaka 1936 mtaalamu Sakuma Kanae alieleza kwamba ko ni eneo la msemaji, so ni la msikilizaji, na a ni nje ya wote wawili. Tazama mtu anayekandwa mgongo Osaka. Vidole vya mkandaji vikigusa penye maumivu, husema: “Soko, soko!” Mgongo ni wake, lakini pale palipoguswa pamo mikononi mwa mwenzake. Nasi tukikunwa mgongo husema “hapo hapo!”, na sijui lugha nyingine ya mbali inayotukaribia hivi. Hata jirani wa Kijapani akikuuliza unakwenda wapi, unaweza kumjibu “chotto soko made”, kama vile sisi tunavyosema “nafika hapo mara moja”, na wote wawili mkaridhika bila mahali kutajwa.

Je, wajua kwamba ko-so-a-do hupima hata kumbukumbu? Rafiki akikusimulia mkahawa alimokula jana Kyoto, nawe hujawahi kufika, utauliza habari za sono mise, mkahawa huo. Ukisema ano mise, umemwambia kwamba nawe unaujua. Ndiyo tofauti ya “huyo jamaa”, unayenitajia wewe, na “yule jamaa”, tunayemjua sote.

Mswahili hujikwaa penginepo. Kwetu “hiki” husimama peke yake na pia huandamana na nomino: hiki, kitabu hiki. Kijapani kina maneno mawili. Kore husimama peke yake, lakini nomino ikifuata ni lazima iwe kono: kono hon, kitabu hiki. Ukisema “kore hon” umekosea. Afueni ni kwamba kono haibadiliki: kono hon, kono ki, kono inu ni kitabu hiki, mti huu, mbwa huyu. Lakini usishangilie mapema, kwani ukianza kuhesabu, makundi ya vitu yanakurudia: penseli mbili ni nihon, karatasi mbili nimai, vitabu viwili nisatsu, mbwa wawili nihiki.

Je, wajua kwamba kumtambulisha mtu kwa kore ni utovu wa adabu? Mgeni wa heshima hutambulishwa kwa kochira, neno la “upande huu”.

Je, wajua kwamba anata, ambalo vitabu vya wanaoanza hulitafsiri “wewe”, zamani lilikuwa na maana ya “upande ule, kule mbali”? Kumtaja mtu kwa mahali palipo mbali kulikuwa kumheshimu. Heshima hiyo imechakaa: leo hulitamki kwa mwalimu wala bosi wako, bali humwita kwa cheo chake, au kwa jina likifuatiwa na san.

Na wajua kwamba are limewahi kutwaa taji? Okada Akinobu, aliyekuwa kocha wa timu ya besiboli ya Hanshin Tigers, hakutaka kuwatia wachezaji wake presha kwa kutamka neno “ubingwa”. Akawa anasema are tu, “kile”, na mashabiki wakamwelewa, maana are ni kitu ambacho mimi na wewe tunakijua. Mwaka 2023 Hanshin walitwaa ubingwa wa ligi yao baada ya miaka 18, wakashinda na fainali ya taifa kwa mara ya kwanza tangu 1985, na are likachaguliwa kuwa neno la mwaka Japani.