Umeme wa Jua Nyumbani na Namna ya Kuchagua Inveta

Nchi ya Usukuma, tangu Shinyanga hata Geita, haikosi jua. Mvua huja kwa majira yake, na mara nyingine huchelewa hata wakulima wa pamba wakahuzunika, lakini jua halina uchache. Tangu zamani jua hilo limeanika mtama na kukausha michembe ya viazi juu ya miamba. Siku hizi limepewa kazi nyingine. Juu ya mapaa ya bati huonekana paneli nyeusi zinazong'aa, nazo hugeuza mwanga kuwa umeme. Mwaka 2023 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga kituo kikubwa cha umeme wa jua katika wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, na sehemu yake ya kwanza ni ya megawati 50. Megawati moja ni wati milioni moja. Nyumba ya mtu haihitaji nguvu kubwa kama hiyo. Mamia machache ya wati yatosha, yakipangwa kwa akili.

Watu wengi hununua paneli njema na betri njema, kisha hukosea katika chombo cha tatu, ambacho ni inveta. Kosa hilo si dogo. Fedha ya msimu mzima wa pamba yaweza kuteketea kwa usiku mmoja, na pengine nyumba nayo. Basi yafaa kila mtu ajue inveta ni kitu gani kabla ya kwenda dukani.

UMEME WA NAMNA MBILI

Mwaka 1839 Mfaransa Edmond Becquerel aligundua kwamba mwanga waweza kuzaa umeme. Ikapita miaka mingi, hata mwaka 1954 wataalamu wa Marekani, katika maabara ya Bell, wakatengeneza paneli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa kazi. Silikoni hupatikana katika mchanga.

Umeme utokao katika paneli, na ule uliowekwa akiba katika betri, huenda upande mmoja daima, kama maji ya mto Manonga wakati wa masika, yasiyorudi nyuma. Huo huitwa mkondo mnyoofu. Nguvu yake ya msukumo huwa ndogo. Betri nyingi za nyumbani ni za volti 12.

Umeme uletwao kwa nguzo ni wa namna nyingine. Huo huenda na kurudi, kama msumeno wa watu wawili wapasuao mbao, huyu akivuta na yule akivuta. Nao huitwa mkondo geu. Katika Tanzania huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, na msukumo wake ni volti 230. Televisheni, friji, pasi na vyombo vingi vya madukani vimetengenezwa kwa umeme huo. Kuviunga moja kwa moja na betri ya volti 12 ni kazi bure.

Inveta ndiyo mkalimani kati ya hizo mbili. Hupokea mkondo mnyoofu wa betri na kutoa mkondo geu. Ndani yake mna swichi ndogo sana zisizo na kitasa, ziitwazo transista. Swichi hizo hufungua njia ya umeme upande huu, kisha upande ule, kwa haraka mno, na sehemu nyingine huinua msukumo kutoka volti 12 hata volti 230. Mwaka 1925 mhandisi Mmarekani David Prince aliandika makala juu ya ugeuzaji wa namna hii, akaiita kwa jina hilo la inveta. Wakati huo transista zilikuwa hazijavumbuliwa.

WIMBI SAFI NA WIMBI LA NGAZI

Mkondo geu ulio mwema hupanda na kushuka pole pole, kama vilima vilivyo laini. Inveta itoayo umeme wa namna hiyo husemwa kuwa ya wimbi safi. Inveta za bei ndogo hutoa umeme unaoruka ghafula, kama mtu apandaye ngazi kwa kurukaruka. Hizo ni za wimbi la ngazi.

Taa na chaji nyingi za simu hazisumbuliwi sana na wimbi la ngazi. Lakini mota ya friji au ya feni hunguruma na kupata joto kupita kiasi, na maisha yake hufupika; redio nayo huweza kuvuma. Basi mwenye friji, au mwenye vyombo vya thamani, na atafute wimbi safi, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

KUPIMA MAHITAJI

Mtu asianze kwa kuuliza, "Inveta kubwa ni shilingi ngapi?" Na aanze kwa kuhesabu vyombo vyake. Nyuma ya kila chombo imeandikwa idadi ya wati. Chukua mfano wa nyumba moja yenye vyombo hivi:

Taa 6 za wati 8 kila moja: wati 48.
Televisheni: wati 60.
Simu 3 zikichajiwa, wati 10 kila moja: wati 30.
Redio: wati 12.
Friji ndogo: wati 100.

Jumla ni wati 250. Pengine mtu atasema kwamba inveta ya wati 300 yatosha. Sivyo. Ng'ombe wa mkokoteni hutumia nguvu nyingi zaidi kuung'oa mkokoteni mahali ulipo kuliko kuuendesha ukiisha kuanza kwenda. Mota ya friji ni vivyo hivyo. Wakati wa kuanza huweza kutaka mara tano au sita ya nguvu yake ya kawaida, kwa muda mfupi sana. Friji ya wati 100 huweza kutaka wati 600. Ongeza vyombo vingine, wati 150, na jumla ni wati 750. Inveta ya wati 300 itazimika yenyewe, au itaungua. Nyumba hii yafaa ipate inveta ya wati 500 za kudumu, iwezayo kustahimili wati 1,000 kwa kitambo kidogo.

Hapa ndipo mnunuzi apaswapo kuwa macho. Muuza duka huweza kumwambia, "Mzee, hii ni ya wati 1,000." Na mzee na amwulize, "Wati 1,000 kwa muda gani, mwanangu? Kwa sekunde chache, au mchana kutwa?" Maana viwanda vingine huandika kwa herufi kubwa nguvu ya kitambo kidogo, na nguvu ya kudumu huandikwa kwa herufi ndogo, au haiandikwi kabisa. Namba ya kununulia ni ile ya kudumu.

BETRI NA PANELI

Wati huonyesha ukubwa wa kazi, lakini haionyeshi muda wake. Ukizidisha wati kwa saa, utapata hesabu ya siku nzima. Taa zikiwaka saa 5, ni 240. Televisheni saa 4, ni 240. Simu saa 2, ni 60. Redio saa 5, ni 60. Mota ya friji huwaka na kuzima. Kwa siku moja, tuseme saa 8, ni 800. Jumla ni wati-saa 1,400. Inveta nayo hula sehemu yake, kama moja katika kumi. Kwa hiyo betri yapasa itoe kama 1,550.

Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400. Lakini betri ya risasi haitakiwi kukamuliwa kupita nusu, maana hufa mapema. Kwa hiyo itatoa 1,200 tu. Nyumba hii yataka betri mbili. Betri za lithiamu hustahimili kukamuliwa zaidi, nazo hudumu miaka mingi zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Jua kali lifaalo kwa hesabu ni la saa kama 5 kwa siku. Gawanya 1,550 kwa 5, upate wati 310. Tena joto, vumbi na betri hupunguza sehemu. Basi paneli tatu za wati 150 kila moja zafaa. Kati ya paneli na betri huwekwa kidhibiti chaji, kisichoacha betri ijazwe kupita kiasi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Inveta hula umeme hata taa zote zikiwa zimezimwa. Inveta kubwa huweza kula wati 15 wakati wote. Katika saa 24 hizo ni wati-saa 360, zaidi ya taa zote sita za nyumba ile! Ndiyo maana inveta kubwa kupita haja ni hasara. Na mwenye haja ya taa, redio na simu peke yake hahitaji inveta kabisa. Taa za volti 12 na chaji za volti 12 hufanya kazi kwa betri yenyewe, bila mkalimani.

NYAYA NA HATARI

Wati ni volti mara ampea. Inveta ya wati 500 kwa betri ya volti 12 huvuta ampea zaidi ya 40. Ya wati 2,000 huvuta zaidi ya 160, na waya mwembamba utapata moto hata uyeyuke. Kwa hiyo waya wa betri uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Kwa nguvu kubwa yafaa kuunga betri kwa volti 24, maana ampea hupungua nusu.

Ni vibaya kulala pamoja na betri za risasi chumbani, kwa kuwa zikichajiwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Inveta nayo isifungiwe kabatini wala kufunikwa nguo, maana hutaka hewa ya kuipoza. Nje ya inveta umeme ni wa volti 230, nao huua kama ule wa nguzo.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchanganya inveta na umeme wa TANESCO pasipo swichi ya kubadilishia. Umeme wa inveta huweza kurudi katika nguzo, na transfoma ikauinua hata maelfu ya volti. Fundi aliyepanda nguzo, akijua kwamba umeme umekatika, atakufa kwa sababu ya nyumba asiyoijua. Kazi hiyo na afanye fundi aliyefundishwa.

KILA CHOMBO NA KAZI YAKE

Geita ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na wachimbaji wadogo huchimba kwa mikono na mashine katika sehemu nyingi, kama Nyarugusu. Huko mtu huweza kushawishika kuunga karasha la kusagia mawe, au pampu ya kutoa maji shimoni, na inveta ya nyumbani. Mota yenye nguvu za farasi 10 hutaka wati karibu 7,500, na zaidi sana wakati wa kuanza. Inveta ya nyumbani haiwezi, na mtu aliye chini ya shimo akitegemea pampu hiyo yu hatarini. Tena vumbi la mawe likitanda juu ya paneli huzuia mwanga; zipanguswe kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla hazijapata joto.

Basi mnunuzi mwenye busara huenda dukani akiwa na karatasi yake mkononi: wati za kudumu, wati za kuanzia, volti za betri, na namna ya wimbi. Akiisha kununua, hudai risiti na hati ya dhamana, akaziweka mahali pakavu. Mchwa wa Usukuma hawachagui karatasi.

MASWALI

1. Mkondo mnyoofu na mkondo geu hutofautianaje?
2. Kwa nini friji ya wati 100 haifai kwa inveta ya wati 150?
3. Inveta ya wati 600 imeungwa na betri ya volti 12. Huvuta ampea ngapi? Na kwa volti 24 je?
4. Taa 4 za wati 9 huwaka saa 6 kila usiku. Hutumia wati-saa ngapi?
5. Andika vyombo vyote vya umeme vya nyumba uijuayo, na wati zake. Je, nyumba hiyo yahitaji inveta?