Kura ya Uhuru na Bei ya Hisa: Maelezo kwa Makatibu na Wanachama

Vipo vyama vya ushirika nchini vyenye hisa katika kampuni zilizoandikishwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vingine vilizipata kupitia benki ya CRDB, ambayo ilianza kama benki ya ushirika na maendeleo vijijini kabla ya kubinafsishwa mwaka 1996 na kuingia sokoni mwaka 2009. Kila inapokaribia kura kubwa, iwe hapa nchini au kwa jirani, makatibu huuliza swali moja: fahirisi ya soko imeshuka, je, tuuze? Makala haya yanaeleza kwa nini fahirisi hushuka nyakati hizo, na hasa pale kura inapohusu uhuru wa nchi au kujitenga kwa sehemu ya nchi, kwa maana hapo ndipo wasiwasi huwa mkubwa kuliko penginepo.

Tuanze na fahirisi yenyewe. Siku ya soko la tumbaku kila mtumba hupewa daraja na klasifaya, na kila daraja lina bei yake. Jioni katibu hugawa fedha zote kwa kilo zote, akapata bei ya wastani ya chama. Wastani huo ni habari njema kwa mhasibu, lakini haumwambii mkulima yeyote kiasi alichopata yeye. Tena mwenye mitumba mia huuvuta wastani kuliko mwenye mitumba mitatu. Fahirisi ya Dar es Salaam nayo ndivyo ilivyo: ni kipimo kimoja cha bei za kampuni nyingi, na kampuni kubwa huivuta zaidi. Fahirisi ikishuka, haina maana kwamba hisa mlizo nazo ninyi zimeshuka. Wengi hukosea hapa, hata watu waliosoma.

Sasa kura inaingiaje? Tuchukue mfano wa hesabu tu. Hisa moja ya kampuni itakuwa na thamani ya shilingi 1,000 iwapo kura itakwenda upande mmoja, na shilingi 600 iwapo itakwenda upande wa pili. Watu sokoni wanaona pande zote mbili zina nafasi sawa. Basi bei kabla ya kura itakuwa karibu na shilingi 800, na aghalabu chini ya hapo, pengine 750, kwa kuwa mnunuzi anadai punguzo kwa kubeba hatari ya jambo asilolijua. Angalieni jambo moja: siku baada ya kura hisa hiyo haitakuwa na thamani ya shilingi 750 wala 800. Itakuwa ama 1,000 ama 600. Bei ya wakati wa wasiwasi ni bei ya kusubiri, na anayeuza wakati huo amemlipa mwenzake amsubirie.

Watu wa Tabora hawahitaji kwenda mbali kupata mfano. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikwama hapa kwa miezi, na mwisho akalazimika kuzunguka kwa upande wa kusini. Pembe za ndovu zilizobaki ng'ambo ya vita hazikupungua hata ratili moja katika frasila. Kilichopungua ni idadi ya watu waliokuwa tayari kuzilipia bila kujua njia itafunguliwa lini.

Na kura ya uhuru tunayo pia ya kwetu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwalimu Nyerere alisimama upande wa kushiriki, akashinda. Uamuzi huo ndio unaojulikana hadi leo kuwa Uamuzi wa Busara. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wakati huo hatukuwa na soko la hisa. Soko la Afrika Mashariki lilikuwa Nairobi, nalo lilianzishwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali. Waafrika hawakuruhusiwa kununua wala kuuza humo hadi uhuru wa Kenya. Yaani wananchi waliokuwa wakipiga kura na watu waliokuwa wakipanga bei ya hisa walikuwa makundi mawili tofauti kabisa.

Mkutano wa Lancaster House wa mwanzoni mwa mwaka 1960 uliweka wazi kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika walio wengi. Tangu hapo hadi mwaka 1963 soko la Nairobi lilizorota. Mashamba, viwanda na reli viliendelea na kazi. Mashaka yalikuwa juu ya maswali ambayo hayakuwa na majibu. Serikali mpya itatoza kodi gani? Je, itataifisha? Je, mwenye fedha ataruhusiwa kuzitoa? Uchaguzi wa Februari 1961 haukupunguza mashaka, kwa kuwa KANU ilishinda lakini ikakataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajaachiliwa, na KADU waliokuwa wa pili ndio wakaingia madarakani. Tena shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungamanishwa na paundi, shilingi 20 kwa paundi moja, na fedha ziliweza kuhamia London bila kizuizi kikubwa hadi katikati ya miaka ya 1960. Shamba halibebeki, bali hisa huuzwa na thamani yake ikasafiri. Ndiyo sababu hisa huwa ya kwanza kuonyesha hofu.

Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, ikapita miaka michache ya utulivu, na imani ikarudi sokoni kiasi kwamba hisa mpya zilizotolewa ziliombwa na watu wengi kuliko zilivyokuwepo. Waliouza kwa hofu mwaka 1960 waliwaachia wengine faida hiyo.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hofu ya mwenye hisa daima ni ya kijinga. Kwetu Tanganyika, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa mabenki, na Serikali ikachukua sehemu kubwa ya umiliki katika viwanda vya bia, sigara, saruji na viatu. Fidia ilikuwepo, lakini mwenye hisa hakuulizwa. (Sisi wanaushirika tunalijua jambo hili kwa namna yetu: mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri, na havikurudi hadi sheria ya mwaka 1982.) Kiwanda cha sigara, kinachotumia tumbaku ya wakulima wetu, kilirudi mikononi mwa kampuni binafsi katika miaka ya 1990, na hisa za TCC zikaingia soko la Dar es Salaam mwaka 2000.

Mfano wa karibu zaidi wa kura ya kujitenga ni Sudani Kusini. Kura ilipigwa kuanzia tarehe 9 hadi 15 Januari 2011, na asilimia 98.83 walitaka nchi yao. Benki ya KCB ya Kenya ilikuwa Juba tangu mwaka 2006, na hisa zake zimeandikishwa Nairobi na, tangu mwaka 2008, Dar es Salaam. Lakini kura hiyo haikuwa na fumbo, kwa kuwa kila mtu alijua matokeo. Fumbo lilikuwa katika yale yaliyoachwa bila kuandikwa: mafuta ya kusini yanapita katika bomba la kaskazini, na ada ya bomba haikuwa imekubaliwa. Januari 2012 Juba ilisimamisha uzalishaji wa mafuta. Desemba 2013 vita vikazuka. Desemba 2015 paundi ya Sudani Kusini ilishuka kwa mkupuo kutoka takriban 3 hadi 18.5 kwa dola moja ya Marekani, na mali ya kampuni za Kenya zilizoko kule ikasinyaa katika vitabu vyao. Waliokuwa wakitazama siku ya kura tu walitazama mahali pasipo na moshi.

Uskoti mwaka 2014 mambo yalikuwa kinyume: kura yenyewe ndiyo iliyokuwa na fumbo. Siku kumi na moja kabla ya kura ya Septemba 18, utafiti mmoja wa maoni ulionyesha kwamba wanaotaka kujitenga wameongoza kwa mara ya kwanza, 51 kwa 49. Jumatatu iliyofuata paundi ya Uingereza ilishuka kwa zaidi ya asilimia moja dhidi ya dola, na hisa za kampuni zenye makao Uskoti, kama Royal Bank of Scotland na Standard Life, zikashuka zaidi. Lakini fahirisi kuu ya London, FTSE 100, haikutikisika hata kwa asilimia moja. Sababu ni kwamba kampuni nyingi za fahirisi hiyo huchuma nje ya Uingereza. Mtu aliyetazama fahirisi peke yake angesema hakuna jambo, na mwenye hisa za benki ile angekuwa na maoni mengine. Asilimia 55.3 walikataa kujitenga, na hisa za kampuni hizo zilianza siku ya pili kwa kupanda.

Hapo ndipo tunapofikia somo la fahirisi zetu wenyewe. Soko la Dar es Salaam lina fahirisi mbili kubwa. Ya kwanza, DSEI, hujumuisha kampuni zote, pamoja na zile za Kenya zilizoandikishwa pia hapa, kama EABL na KCB. Ya pili, TSI, ni ya kampuni za Tanzania pekee. Bei za kampuni hizo za Kenya huamuliwa Nairobi. Hofu ikiingia Nairobi, kama ilivyokuwa baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, wakati fahirisi ya hisa 20 ya huko iliposhuka kutoka zaidi ya pointi 5,400 hadi karibu 4,700 katika mwezi mmoja, kampuni zilizoandikishwa pande zote mbili huvuta DSEI chini hata kama hakuna Mtanzania aliyeuza hisa moja. Katibu anayesikia redioni kwamba soko limeshuka aulize kwanza ni fahirisi ipi.

Jambo la pili la kuuliza ni idadi ya hisa zilizouzwa. Soko letu ni dogo. Zipo siku ambapo hisa za kampuni fulani haziuzwi kabisa. Wakati wa wasiwasi wanunuzi hukaa kando kabla bei haijashuka sana, kisha mwuzaji mmoja mwenye shida akishusha bei yake, bei hiyo ndiyo hutangazwa kuwa bei ya soko. Kwa hiyo chama kisijiweke katika nafasi ya kuwa mwuzaji huyo. Fedha za pembejeo za msimu, na fedha za kuwalipa wakulima, zisitegemee kuuzwa kwa hisa, kwa maana kura haingoji msimu wala msimu haungoji kura. Na pendekezo la kuuza likiletwa, uamuzi usiwe wa mwenyekiti na katibu peke yao: lifikishwe kwenye mkutano mkuu, na muhtasari uonyeshe jina la kampuni, bei ya siku hiyo, idadi iliyouzwa sokoni juma hilo, na bei ya miezi sita nyuma, ili mkaguzi akija aone mliuza kwa sababu ya kampuni au kwa sababu ya redio.