Kabla ya Kutia Sahihi Kwenye Utafiti

Machi 2006, pale Northwick Park, jirani na sisi wa Neasden, wanaume 6 wazima waliugua vibaya sana baada ya kupewa dawa ya majaribio, TGN1412. Kamati ya maadili ilikuwa imeshaidhinisha utafiti huo.

Kamati hupima hatari, malipo na maelezo utakayopewa, lakini haikuhakikishii usalama. Tena si kila kitu hupita kwake: hospitali ikikagua huduma zake yenyewe, kwa kawaida haihitaji kibali hicho.

Kwa hiyo uliza: Je, huu ni utafiti? Nani ameupitisha? Nikidhurika, nani atawajibika? Omba mkalimani. Una haki ya kukataa au kujitoa bila kutoa sababu, na matibabu yako yataendelea kama kawaida.