Programu za bure zaweza kuokoa mtaji wa kompyuta

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotunza hesabu kwenye kompyuta za nyumbani wana sababu ya kuzikagua mashine hizo kabla ya kutoa fedha kununua nyingine. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 2015.

Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni uzibaji wa mianya mipya ambayo wezi wa mitandaoni huigundua kila mara. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazimo katika orodha hiyo, hata kama bado ni nzima.

Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu. Ya kwanza ni kununua mpya. Ya pili ni nafuu ya muda. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kuwa watumiaji wa nyumbani wangeweza kupata marekebisho ya ziada hadi Oktoba 13, 2026, ama kwa dola 30 za Marekani, ama bila malipo kwa waliokubali mipangilio ya kompyuta zao ihifadhiwe kupitia akaunti ya kampuni hiyo.

Njia ya tatu ni kuhamia Linux, mfumo endeshi usiouzwa leseni, ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Moja ya matoleo yanayowafaa waliozoea Windows ni Linux Mint. Hilo huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazopendekezwa, pamoja na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski. Linaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kujaribiwa bila kufuta kitu chochote kilichomo ndani ya kompyuta.

Hata hivyo, majaribio hayo si ya kurukwa. Mwenye printa ya risiti, mashine ya kusoma alama za bidhaa au programu ya mauzo iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows athibitishe kwanza kwamba vinafanya kazi. Kuhama kisha kurudi nyuma kunaweza kugharimu siku kadhaa za biashara, na siku hizo nazo ni fedha.

Nani hulipa?

Mfanyabiashara akisikia neno "bure" huuliza nani anayelipa, na swali hilo ni la haki. Mfano mzuri ni Ubuntu, toleo jingine la Linux. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliiuza kampuni yake ya Thawte kwa VeriSign ya Marekani mwaka 1999 kwa takriban dola milioni 575. Mwaka 2004 alianzisha Canonical, kampuni inayotoa Ubuntu bila malipo na kupata mapato kwa kuuzia makampuni huduma na msaada wa kiufundi. Programu nyingine za bure hutegemea michango na watu wanaojitolea.

Zipo pia "bure" za aina nyingine. Baadhi ni za majaribio, na baada ya siku 30 hujifunga na kudai malipo. Baadhi hulipwa na matangazo au taarifa za mtumiaji. Nyingine ni programu za kulipia zilizovunjwa kufuli na kugawiwa na mafundi kwenye flashi. Hizo za mwisho ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Anayeziweka hutakiwa mara nyingi azime kwanza programu ya kuzuia virusi, jambo ambalo ni sawa na kumfungulia mgeni usiyemjua mlango wa ghala. Aidha, Tanzania inazilinda programu za kompyuta chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999.

Gharama ya kupuuza marekebisho ilionekana Mei 12, 2017, wakati programu haribifu ya WannaCry ilipoenea duniani. Iliyafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikidai dola 300 kwa sarafu ya bitcoin kutoka kwa kila mwathirika. Microsoft ilikuwa imeshatoa dawa ya mwanya huo mwezi Machi mwaka huo huo, bila malipo. Wengi hawakuwa wameiweka.

Kwa upande wa virusi, Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender ndani yake. Matangazo yanayochomoza ghafla yakidai kuwa kompyuta imeambukizwa na kutaka mtumiaji apakue "dawa" hayafai kufuatwa. Programu yoyote ipakuliwe kutoka tovuti ya watengenezaji wake.

Daftari la madeni

Kwa kazi za ofisi, LibreOffice inatosha mahitaji ya maduka mengi. Ina programu ya kuandika barua na ankara, na nyingine ya majedwali ya hesabu inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Excel. Majedwali yenye fomula za kawaida hufunguka vizuri, lakini yenye makro huweza kusumbua. Ilizaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, ambayo si ngeni kwa Waswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo lake la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice.

Anayetaka hesabu kamili anaweza kutumia GnuCash, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 1998. Kila muamala huandikwa pande mbili, debiti na krediti, hivyo kosa la kujumlisha hujitokeza mapema. Vilevile ina sehemu ya kuweka rekodi za hisa, inayoweza kumsaidia mwekezaji mdogo kujua alinunua lini, kwa bei gani, na kama amepata faida.

Thamani ya rekodi hizo mara nyingi huzidi ya kompyuta yenyewe. Kwa mfano, mwenye duka aliyetoa bidhaa kwa mali kauli kwa wateja 40, kila mmoja akidaiwa shilingi 50,000, ana shilingi milioni 2 ndani ya faili moja. Diski ikifa, kompyuta inaweza kununuliwa nyingine, ila wadaiwa watalipa kwa kadiri ya kumbukumbu na uaminifu wao.

Nakala tatu

Wataalamu hupendekeza kanuni rahisi: nakala tatu za kila faili muhimu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Ya kwanza ni ile iliyomo kwenye kompyuta. Ya pili iwekwe kwenye flashi au diski ya nje, inayochomolewa mara baada ya kunakili, kwa sababu programu kama WannaCry huyafunga hata mafaili yaliyomo kwenye flashi iliyochomekwa. Ya tatu ihifadhiwe mtandaoni, au kwa ndugu anayeaminika, ikiwa imelindwa kwa neno la siri.

Kazi hiyo haihitaji kununua programu yoyote. Ifanywe kila jioni baada ya kufunga mauzo, na kila mwisho wa mwezi nakala moja ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, jumla ya madeni ikilinganishwa na ile ya daftari kuu. Jumla zikitofautiana, kosa litafutwe siku hiyo hiyo, kabla wateja hawajaanza kuja kulipa.