Uingereza mpaka Australia: siku 28, siku 4, saa 17

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza wengi walihamia Australia. Walisaidiwa nauli: mtu mzima alilipa paundi 10 tu, watoto bure. Meli ilikaa baharini wiki 5 au 6. Basi, ole wake aliyeacha mama mgonjwa nyumbani! Hata angepanda meli siku ile ile aliyopata habari, huenda angekuta kaburi limekwisha ota majani.

Je, ndege hazikuwapo? Zilikuwapo. Mwaka 1919 ndugu wawili, Ross na Keith Smith, pamoja na mafundi wawili, waliruka toka Uingereza mpaka Darwin, kaskazini ya Australia, kwa muda wa karibu siku 28. Desemba 1947 shirika la Qantas likaanza safari zake toka Sydney mpaka London: siku 4! Lakini abiria walikuwa 29 tu, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa paundi 585 za Australia. Linganisha na zile 10 za meli.

Siku hizo 4 hazikuwa za kuruka tu. Eropleni za wakati ule hazikuchukua mafuta ya kutosha, zikalazimika kutua Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli. Abiria walilala Singapore, wakalala tena Cairo.

Sasa tazama Jumamosi ya tarehe 24 Machi 2018. Yapata saa moja jioni ndege iliondoka Perth, mji ulioko magharibi ya Australia, ikaenda kilometa 14,498 bila kutua po pote. Ilifika London Jumapili, yapata saa kumi na moja alfajiri. Ukihesabu kwa vidole utapata saa 10. Mbona wasafiri wanasema walikaa vitini saa 17? Hawakosei. Jua huchomoza Perth mapema kuliko London, na siku ile saa za Perth zilikuwa mbele kwa saa 7. Jumlisha mwenyewe.

Ajabu nyingine: kurudi Perth huwa upesi kidogo. Huko juu sana upepo mkali huvuma toka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda mashariki husukumwa, anayekwenda magharibi hupingwa. Kwa hiyo marubani huuliza habari za upepo kabla ya kujaza mafuta, na mara nyingine huchagua njia ndefu ili waukwepe. Kilometa peke yake hazikuambii utafika lini.

Tena Perth si Sydney. Mtu wa Sydney ana kilometa kama 2,500 zaidi. Mwaka 1989 ndege moja ya Qantas ilitoka London ikafika Sydney bila kutua, kwa saa 20 na dakika 9, lakini ilichukua watu wachache tu, ili ipate nafasi ya mafuta.

Hata hivyo, mtoto aliyehamia Perth akiletewa habari asubuhi kwamba mama yake anaumwa sana huko London, na nauli anayo, aweza kuondoka jioni. Kesho yake atakuwa ameketi kando ya kitanda cha mama.