Fahamu: Jinsi wapika bia wa nyumbani wanavyodhibiti joto la kimea bila mitambo ghali

Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia saini sheria iliyoondoa kodi ya shirikisho kwa bia inayopikwa nyumbani kwa matumizi ya familia. Wengi wa wanaopika bia hiyo ya nyumbani hawana mitambo. Wana sufuria, kipimajoto na boksi la plastiki la kubebea vinywaji baridi.

Kazi kubwa ni kuloweka kimea cha shayiri kilichosagwa katika maji moto kwa takriban saa 1. Ndani ya kimea mna vimeng'enya viwili vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Beta-amilesi hupenda nyuzi joto 60 hadi 65 za Selsiasi, na bia hutoka nyepesi, kavu. Alfa-amilesi hustawi karibu na 70, na bia huwa nzito mdomoni kwa sababu hamira haiwezi kula sukari zote. Tofauti ya nyuzi 4 tu inaonjeka!

Kimea baridi hupoza maji. Kwa kilo 5 za kimea chenye nyuzi 20 na lita 15 za maji, pasha maji hadi karibu 72 ili mchanganyiko utulie kwenye 66. Pasha boksi kwanza kwa maji moto, koroga vizuri, funika. Asiye na boksi afunge sufuria kwa blanketi nzito, mbali na moto.

Mtama ni habari nyingine: wanga wake huhitaji joto zaidi ili ulainike.

Kabla ya yote, pima kipimajoto chako katika maji yenye barafu. Kisiposoma 0, usikiamini.