Je, mabango ya matangazo mtandaoni huleta wateja?

WASWAHILI wana misemo miwili inayovutana kuhusu uchuuzi. Mmoja hudai kwamba biashara ni matangazo. Mwingine hushikilia kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa siku hizi wameuchagua ule wa kwanza, na sehemu kubwa ya fedha walizokuwa wakizitumia kwenye magazeti na redio wameihamishia kwenye intaneti, ambako matangazo yao hubandikwa juu, kando na katikati ya habari kwa umbo la mabango madogo. Swali ambalo limewashughulisha watafiti kwa zaidi ya robo karne ni iwapo mabango hayo humfanya mtu anunue kitu ambacho hangekinunua, au ni pambo tu ambalo msomaji hulipita bila kugeuza shingo.

Mabango ya kwanza kupata umaarufu yalionekana Oktoba 27, 1994 katika HotWired, tovuti ya jarida la Marekani la Wired. Kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa miongoni mwa walionunua nafasi. Tangazo lake halikutaja simu wala bei. Lilimwuliza msomaji tu iwapo amewahi kubonyeza mahali pale, kisha likamhakikishia kwamba atabonyeza. Inasimuliwa kuwa watu 44 katika kila 100 waliolitazama walifanya hivyo. Wakati huo bango lilikuwa kioja, na kioja huvuta umati. Leo bango la kawaida halibonyezwi hata na mtu mmoja katika kila 100.

Mwaka 1998, Jan Panero Benway na David Lane wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha sehemu ya sababu. Waliwapa watu kazi ya kutafuta habari fulani katika tovuti, nayo habari ilipatikana kwa kubonyeza kiungo kikubwa kilichochorwa kwa sura ya bango. Wengi hawakukiona. Walipekua orodha za maandishi madogo, wakarudi mikono mitupu, ilhali kitu walichokitaka kilikuwa mbele ya macho yao. Watafiti hao waliiita hali hiyo upofu wa mabango. Mbunifu hukuza kitu na kukipaka rangi kali ili kionekane. Msomaji naye, kwa rangi hiyo hiyo, hukitambua kuwa tangazo na kukiruka.

Kwa hesabu hiyo mtu angeharakisha kukata kauli kwamba mabango ni fedha zilizotupwa baharini. Kauli hiyo ingekuwa na kasoro moja: inachukulia kwamba anayebonyeza ndiye mteja. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 na kampuni ya comScore pamoja na washirika wake ulibaini kwamba asilimia 6 tu ya watumiaji wa intaneti ndio waliofanya nusu ya mibonyezo yote ya matangazo. Watu hao walikaa mtandaoni muda mrefu kuliko wengine, lakini ununuzi wao haukulingana na muda huo. Siku hizi kuna pia kidole gumba, ambacho kwenye kioo cha rununu hugusa tangazo kwa bahati mbaya na kumfanya mwenyewe arudi nyuma kwa hasira.

Yatazame maduka ya mitaani yaliyopakwa rangi za kampuni za simu au za soda, kuanzia Mombasa hadi Busia. Hakuna anayesimama mlangoni kuwahesabu waliogusa ukuta. Kampuni hulipia rangi hiyo kwa matumaini kwamba siku mpita njia atakapohitaji laini ya simu, jina lake litakuwa la kwanza kumjia akilini. Bango la mtandaoni limehukumiwa kwa kipimo kingine kwa sababu tu kipimo chenyewe kilikuwa karibu na rahisi kusoma.

Jaribio lililoeleza jambo hili vizuri zaidi lilifanywa mwaka 2007 na wanauchumi wawili wa Yahoo, Randall Lewis na David Reiley. Walishirikiana na msururu mmoja mkubwa wa maduka nchini Marekani, wakaoanisha orodha ya wateja wake na watu waliojisajili Yahoo, wakapata takriban watu milioni 1.6. Kisha wakawagawa bila upendeleo wowote, kama kwa kupiga kura. Kundi kubwa, la watu milioni 1.3 hivi, lilipangiwa kuonyeshwa mabango ya maduka hayo; kundi la watu 300,000 hivi halikuonyeshwa hata moja. Mwishowe wakaangalia kila upande ulinunua kiasi gani, mtandaoni na madukani.

Walioonyeshwa mabango walinunua zaidi kwa takriban asilimia 5, na ongezeko hilo lilizidi gharama ya matangazo. Ajabu ni mahali lilikotoka. Asilimia 93 yake ilitokea ndani ya maduka halisi, ambako mnunuzi alikwenda kwa miguu au kwa gari lake. Asilimia 78 ilitokana na watu ambao hawakuwahi kulibonyeza bango lolote. Mwenye maduka ambaye angehesabu mibonyezo pekee, au mauzo ya mtandaoni pekee, angeyakosa karibu yote yaliyompa faida.

Kuna funzo jingine katika jaribio hilo ambalo wauzaji wa nafasi za matangazo hawapendi kulirudia. Lau watafiti wangewalinganisha tu walioyaona mabango na wasioyaona, bila ile kura, wangehitimisha kwamba matangazo yaliwafukuza wateja. Sababu ni kwamba watu walioshinda Yahoo walikuwa, hata kabla ya matangazo, wakinunua kidogo katika maduka hayo. Mara nyingi kosa hilo huegemea upande wa pili. Mtu aliyetafuta viatu jana huandamwa leo na picha za viatu vile vile kila atakapofungua ukurasa. Akivinunua, bango hujitwalia sifa, ingawa huenda alikwisha kuamua kabla halijamfikia. Takwimu za aina hii ndizo mfanyabiashara mdogo huletewa mwishoni mwa mwezi zikiwa zimepambwa kwa michoro ya kupanda.

Mfanyabiashara huyo atapimaje mwenyewe? Chukulia mwenye duka la nguo Nakuru anayeuza bidhaa za Sh20,000 leo, Sh32,000 kesho na Sh15,000 siku ya mvua. Bango la Sh500 kwa siku linahitaji kumletea mnunuzi mmoja au wawili tu ili lijilipe, lakini hao wawili watamezwa na mawimbi ya kawaida ya soko. Hata wakubwa hukwama papo hapo. Mwaka 2015, Lewis na mwenzake Justin Rao walichapisha tathmini ya majaribio 25 ya kampuni za Marekani, baadhi yakiwa na watu kwa mamilioni, na mara nyingi hawakuweza kutenganisha tangazo linalotia hasara na lile linaloleta faida nono. Kwa mwenye duka, njia iliyo afadhali ni kuyazima matangazo katika mji mmoja na kuyaacha katika mwingine kwa miezi kadhaa, akijua kwamba jibu atakalopata litakuwa na ukungu.

Hayo yote ni kwa bango lililofika machoni pa binadamu. Mwaka 2014 Google ilieleza kwamba zaidi ya nusu ya matangazo iliyoyapima hayakupata hata nafasi ya kuonekana: yalikaa chini ya ukurasa ambako msomaji hakushuka, au alishaondoka kabla hayajafunguka. Mengine hutazamwa na mashine. Mwaka 2021 mahakama ya New York ilimfunga raia mmoja wa Urusi miaka 10 kwa kuendesha kompyuta zilizojifanya wasomaji na kuwapora wenye matangazo zaidi ya dola milioni 7.

Kwa magazeti, ambayo yanategemea mabango hayo kulipa mishahara ya waandishi, ugumu una sura yake. Mbonyezo ukifanywa ndio bei, mwenye tovuti hushawishika kukubali matangazo yanayorukaruka na kufunika habari. Mwaka 2013 watafiti wa Microsoft waliwaomba watu wayapime matangazo mengi kwa kadiri yalivyowakera, na lalamiko kubwa likawa kuchezacheza kwa picha. Kisha wakawaajiri watu wengine kupanga baruapepe katika mafungu, kwa malipo ya kila barua, huku kila mmoja akiwa huru kuacha wakati wowote. Waliowekewa matangazo ya kukera pembeni waliacha mapema zaidi, na fedha za ziada ambazo zingehitajika kuwabakiza zilielekea kuzidi kile ambacho mwenye tovuti hulipwa kwa matangazo ya aina hiyo. Waliowekewa matangazo yaliyotulia waliendelea na kazi karibu sawa na wale ambao hawakuwekewa tangazo lolote.